Mweupe ya mu Bawa

Ku muto Oso, Walikale
tarehe 8 mwezi wa tatu, 1953

Kwa Papa Drocella, Viateur Kanyamibwa, wa Nyamitaba

Jambo Papa. Sisi hapa tuko. Bibi yangu Mama Godelieve iko, batoto iko, ni mbwa moja tu ya kuwinda ilikufa, nyoka ilimuluma. Ni mimi Nestor ninakuandikia, baba ya Léopold, mwenye alioa mutoto yako Drocella.

Nataka kukuuliza bila kuzunguka. Ulikuja kutuona, tulikupokea, tulikupatia kitanda. Halafu asubuhi moja sisi banaume tulikuwa mu pori, tuliporudi tukakuta kikapu ya Drocella haiko. Mama Godelieve alikuwa anasimama ku mulango na mwiko mu mukono. Nikamuuliza: "Banaenda wapi?" Akasema: "Baba yake anasema mutoto yake inamuuma kichwa, huku joto ni mingi, anamupeleka ku mulima apumzike." Nikasema: "Kichwa tu?" Akasema: "Mimi ni mama mukwe, mimi si munganga."

Basi tukangoja. Lakini Damascène, ule muchuuzi wa chumvi, alipita huku akitoka kwenu. Anasema kule Nyamitaba bantu banasema kama mimi niliua ndege yenye haiuliwe, nikaiweka mu nyumba, fasi pale mukamwana yangu analala.

Ndege gani, Papa? Mimi natega ndege mingi. Unajua kazi yangu. Ule muzungu mwenye kukusanya ngozi ya ndege alinifundisha kuichuna, kuweka pamba mu tumbo na mu macho, na kufunga etiketi, karatasi ya jina yake, ku muguu. Ulikaa mbele ya meza yangu, ukazishika moja moja. Hukuuliza kitu. Hata ulicheka, ukasema ile ya kichwa nyekundu inafanana na katekista wenu akikasirika.

Muntu mwenye kuona ubaya na anacheka, ao hakuiona, ao anaona kitu ingine. Hii neno inanisumbua.

Mutume Drocella arudi. Léopold hakule.

Nestor

*

Nyamitaba, Masisi
tarehe 19 mwezi wa ine, 1953

Bamwana Nestor,

Salamu ya Kristu. Ninakuita bamwana juu kwetu njo vile banaitana bazazi wenye batoto yao balioana, na mimi sijasema kama ndoa imekufa.

Unauliza ndege gani. Nitakuambia, lakini nafikiri unajua.

Sisi ni ukoo ya Bagesera. Ndege yetu ni inyamanza, ile ndogo ya kutikisa mukia yenye inatembea mu lupango, mu uwanja wa nyumba, kati ya miguu ya bantu. Kwetu mutoto akiitupia jiwe, banamupiga. Muntu akitaka kujenga nyumba fasi mupya, ananiita mimi. Ninakaa pale wa kwanza, ku udongo, mbele ya mwenye nyumba, juu inyamanza njo ya kwanza kukaa fasi bado haina muntu. Padri anajua na anacheka, lakini siku ya kujenga nyumba ya katekista naye alituma muntu kuniita.

Sasa, ile ndege niliikuta kwako. Inalala chali ku ubao, pamba mu macho, kamba ku muguu. Mu nyumba yenye mutoto yangu analala. Kwetu banasema mwanamuke mwenye analala na inyamanza yenye iliuliwa, tumbo yake inafungwa.

Unasema nilicheka. Mugeni haharibu chakula ya bantu. Nilicheka na mudomo.

Drocella anabaki hapa. Mama yake Mukandori alikufa, unajua, na hapa kuko kazi. Usitume muntu.

Viateur Kanyamibwa

*

Ku muto Oso
tarehe 30 mwezi wa tano, 1953

Papa Drocella,

Kisha kusoma barua yako nilifungua sanduku ya muzungu, nikatoa ile ndege, nikaiweka mbele yangu. Nikaangalia sana. Halafu nikaanza kukumbuka ya kwenu.

Ya kwenu ninaijua. Siku tulikuja kuposa, ilitembea chini ya viti yetu ikiokota makombo, na muzee moja wa kwenu alisimamisha maneno ya ngombe za mahari mupaka ipite. Nilijisemea: hawa bantu banaheshimu kandege kuliko bageni. Njo maana niliiangalia muzuri.

Ya kwenu, mugongo ni majivu yenye kuchanganyika na udongo. Tumbo ni kama maziwa yenye iliingia moshi. Bawa yake haina kitu, ni kahawia tu, kama koti ya zamani. Mukia ni wa kawaida.

Hii yangu, mugongo ni majivu safi, kama ya kuni kavu. Tumbo ni mweupe kama chumvi. Mukia ni murefu, kama wa kukopa kwa ndege ingine. Na bawa, ukiifungua, ni nyeusi yenye ile mweupe mu pembeni, mingi, hata mutoto anaiona. Hii haikai mu lupango ya muntu. Inakaa ku mawe, fasi maji inakimbia na kupiga kelele. Niliitega kule chini, ku muto.

Ni kweli zote zinatikisa mukia. Zote ziko na ule mushipi mweusi ku kifua. Ukiona moja peke yake, mbali, unaweza kukosea. Mimi ningekosea.

Lakini wewe, Papa? Wewe mwenye banakuita kukaa ku udongo yao juu ya hii ndege? Uliishika mu mukono. Mimi natafuta namna wewe ungekosea, na sipate.

Neno ya pili. Léopold anajitayarisha kuja kwenu kuchukua bibi yake. Mumupokee. Na Mama Godelieve anauliza kama Drocella anakula. Anasema mbele ya kuondoka alikuwa anakimbia harufu ya nyama ya moshi. Anauliza tu.

Nestor

*

Nyamitaba
tarehe 21 mwezi wa saba, 1953

Bamwana Nestor,

Barua yako ilifika. Maneno yako ya rangi nimeyasikia. Inyamanza ni inyamanza. Muntu akivaa koti mupya, si anabaki ule ule?

Léopold sikumuona. Hakufika hapa. Pengine alichoka akarudilia njia, ao alipata kazi fasi. Vijana ya leo haiko kama sisi. Ule mupando wa mulima, pale Kingi, unachokesha hata muntu muzima, sembuse mwenye anachechemea. Usinitafute kwa ile.

Drocella anakula. Mwambie Mama Godelieve hakuna kitu.

Tuko mu kazi ya viazi, sina wakati wa kuandika mingi.

Viateur Kanyamibwa

*

Ku muto Oso
tarehe 14 mwezi wa kenda, 1953

Papa Viateur,

Nilimusomea Mama Godelieve barua yako. Nilipomaliza akasema: "Soma tena pale pa mupando." Nikasoma. Akasema: "Tena." Nikasoma. Akaweka chini mihogo yenye alikuwa anamenya, akaniuliza: "Nani alimuambia mutoto yangu anachechemea?"

Sasa mimi ninakuuliza vile.

Léopold alijikata na panga ku muguu wakati wa kufyeka shamba. Wewe ulikuwa ulikwisha kurudi kwenu. Barua yangu haikusema, niliisoma mu kichwa yote, haikusema. Damascène mwenyewe hakujua. Muntu wa kwenu mwenye kujua kama Léopold anachechemea ni ule alimuona anatembea.

Basi ulimuona. Ulimuona na unaandika kama hukumuona. Mama Godelieve halale. Anasema: "Kama alimuua, aseme tuzike." Mimi nilimukataza kusema vile, lakini nami nafikiri vile. Kama amekufa, sema amekufa. Nitakuja bila mukuki. Kama hutasema, nitapeleka barua yako kwa teritwari, ku bakubwa ba serikali, na kwa padri yako, na wataisoma pale pa mupando.

Neno ingine. Damascène anasema safari hii ulimusimamisha ku mulango ya lupango, ukanunua chumvi ukiwa unasimama. Muchuuzi wa chumvi hasimamishwe ku mulango. Hata muntu mwenye kuwa na wivu anaacha chumvi iingie. Unaficha nini mule?

Nimemupatia Damascène kifurushi ya majani. Si yako, ni ya Drocella. Nilimuambia aiweke mu mukono yake mwenyewe, hata akimungoja ku njia ya kisima. Ndani hakuna maneno. Ni ile ndege, na pamba yake, na etiketi yake. Muzungu ataiuliza, nitamuambia panya iliikula. Damascène atamuambia Drocella aiweke fasi ndege yenu inatembea, aangalie. Yeye pia ni Mugesera.

Nestor, baba ya Léopold

*

Nyamitaba
tarehe 22 mwezi wa kumi na moja, 1953

Bamwana Nestor, na Mama Godelieve,

Mbele ya yote: Léopold haikufa. Iko muzima. Iko Rubaya, fasi banachimba mawe, anabeba mizigo. Rudieni kusoma hapa mara mingi vile munataka, halafu muendelee.

Nilikwenda kuungama. Padri alinisikia, halafu akaniuliza: "Uliiambia Mungu. Na ule wa Walikale?" Nikasema atanisamehe kama Mungu amesamehe. Akasema: "Mungu hakuwa anangoja mutoto yake ku njia." Njo ninaandika.

Nitaanza na ndege, juu njo ilinishika.

Damascène alifanya vile ulimutuma. Alimungoja Drocella ku kisima, siku mingi sijui, akauza chumvi yake yote pale pale. Drocella akaingia mu lupango na kifurushi ku kichwa juu ya mutungi. Mimi nilikuwa nanoa jembe. Dada yangu mukubwa Dancille alikuwa anakaa ku jua, ule mwenye jicho moja. Drocella akashusha mutungi. Akafungua majani, akaweka ndege ku jiwe la kunolea, karibu ya mukono wangu.

Nikasema: "Toa ile kitu." Akasema: "Ngoja."

Ndege yetu ikakuja. Ile yenye inalala mu majani ya paa ya jikoni, unaijua. Ikatembea, ikasimama, ikaangalia ile ingine inalala na pamba mu macho. Ikatikisa mukia. Zikawa pamoja, moja muzima, moja mufu, fasi kama hatua ya mutoto kati yao.

Dancille akasema: "Ile ni mugeni."

Drocella akaniuliza: "Papa, hii mweupe ya mu bawa iko ku ya kwetu?"

Nikasema: "Ni jua tu inapiga."

Akachukua ile mufu, akaipeleka mu kivuli ya jikoni. Yetu ikamufuata, juu hapo njo banamwangia makombo. Drocella akainama, akafungua bawa na kidole. Akasema: "Na hapa? Ni jua gani?"

Dancille akasema: "Kaka, mimi niko na jicho moja, na ile moja inaona."

Niliweza bado kusema nilikosea. Mudomo yangu ilikuwa tayari. Kila muntu angekubali, hata wewe ulisema ungekosea. Lakini Drocella aliniangalia akasema, polepole: "Kule Walikale nilikuwa nasimama nyuma yako na kikombe ya maji. Nilikuona. Uliishika, ukafungua bawa na kidole namna hii, ukaangalia, ukaifunga. Halafu njo ukanigeukia na ule uso."

Bamwana, ni kweli. Baba yangu alinifundisha: mbele ya kusema neno juu ya inyamanza, fungua bawa. Niliifungua. Niliona ile mweupe. Nilijua ni ya muto, ile yenye sisi hatuiite na jina, hatuiheshimu, ni ndege tu kama zingine. Nilijua pale pale ku meza yako. Sikukosea hata kidogo.

Unauliza juu ya nini. Ninaandika tu vile iko.

Siku nilifika kwenu, Drocella alikuwa anapepeta muchele na Mama Godelieve. Hawakuniona bado. Walikuwa banacheka, sijui juu ya nini, mupaka Drocella akaangusha lungo. Akasema: "Mama, utaniua." Alimuita Mama. Mukandori wangu alikufa na ku kitanda yake Drocella alilia mupaka tukafikiri hataacha, na sasa anasema Mama, rahisi vile, kwa mwanamuke ingine. Nikafikiri ku nyumba yangu. Wavulana yangu balikwenda Uganda. Dancille anapika ugali yenye mawe. Jioni ninaongea na ngombe. Nikaona kila muntu iko na muntu, mimi sina.

Halafu ukanionyesha ndege yako moja moja. Na hii ikaingia mu mukono yangu, na mudomo ikapata njia. Hakuna muntu mu Nyamitaba angenibisha juu ya inyamanza. Mimi njo mwenye kujua. Nilimuita Drocella pembeni, nikamuambia: "Banaua inyamanza fasi unalala." Alishika tumbo yake. Hakungoja hata kuaga bwana yake.

Ndiyo, Mama Godelieve. Alishika tumbo. Uliona muzuri.

Mutoto ni mwanamuke. Alizaliwa mwezi wa munane, mvua ikinyesha, Dancille njo alimupokea. Iko na paji ya Léopold, ile ya kubishana. Damascène nilimusimamisha ku mulango juu nguo ya mutoto ilikuwa inaanikwa ku lupango. Jina hana. Dancille alileta majina mingi, Drocella anayakataa yote. Anasema jina inatoka kwa baba.

Sasa Léopold.

Nilijua atakuja, barua yako ilinionya. Nikasema mu nyumba ninaenda kuangalia viazi, nikashuka kumungojea ku mupando wa Kingi. Nikamuona anapanda na fimbo, muguu imefungwa na ganda ya muti, na nyuma ku mugongo kikapu ya uyoga kavu ya kupelekea bibi yake. Akanisalimu na mikono mibili. Akasema: "Papa, Mungu anakutuma kunipokea ku njia." Nikamuambia arudi. Nikasema Drocella hamutaki tena, anasema akimuona atajitupa mu muto. Nikasema na tumbo haiko, mimba ilitoka, juu ya ile ndege. Alikaa chini ku njia. Halafu akauliza: "Alisema yeye mwenyewe?" Nikasema: "Yeye mwenyewe."

Akaniachia kikapu ya uyoga. Akasema: "Basi apate hata hii." Akasema hawezi kurudi kwenu na mikono mitupu, batamucheka, ataenda Rubaya kubeba mawe. Nilimuangalia anashuka, anachechemea. Njo ile muguu iliingia mu barua yangu, sijui namna gani. Ilikuwa inatembea mu kichwa yangu kila siku.

Uyoga niliwapatia. Nikasema niliununua ku soko. Drocella alikula akasema: "Hii iko kama ya kwetu." Kwetu ilikuwa kwenu.

Hii yote nilimuambia ile siku ya ndege, mu jikoni, Dancille akisikia. Drocella hakulia. Tangu pale haniongeleshe. Anaongea na mutoto. Anasema: "Mwambie babu chakula iko." Anasema: "Muulize babu kama ngombe ilikunywa." Na mimi ninajibu mutoto.

Dancille aliniambia: "Batakuita tena kukaa ku udongo yao?" Wiki ingine muntu alikuja kuniita, anajenga. Nilimuambia atafute Mugesera ingine. Akauliza kama niko mugonjwa. Dancille akamujibu kutoka ndani: "Ndiyo. Mudomo."

Ninaenda Rubaya kumutafuta Léopold. Nitamuambia kweli mbele ya wenzake, uongo nilimuambia peke yake. Halafu nitakuletea wote. Ukitaka kupeleka barua yangu ku teritwari, peleka hii, inazidi ile ingine.

Ile ndege Drocella ameifunga tena mu majani. Anasema ni ya muzungu, irudi.

Viateur

*

Ku muto Oso
tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, 1953

Papa Viateur,

Nimesoma. Mama Godelieve alilia, halafu akacheka juu ya mutoto, halafu akakasirika, halafu akasema: "Ule muntu anaandika muzuri." Hakusema kwa kukusifu.

Unajua kutofautisha ndege mbili zenye kufanana. Mimi sasa niko na Viateur wabili. Moja alikaa ku meza yangu akacheka, akashuka ku mupando akapokea salamu ya mutoto yangu na mikono mibili. Moja ameandika hii barua. Wote banatikisa mukia namna moja. Sijue bawa ya kufungua.

Unasema Rubaya. Pengine ni kweli. Unasema mutoto mwanamuke. Pengine. Pengine ulisikia natafuta mukuki, ukatafuta maneno ya kunikalisha. Nilituma muntu Rubaya, bado hajarudi. Kule milima yote iko na bantu banabeba, na kila moja amefunikwa na udongo ule ule.

Basi sikia. Léopold apite wa kwanza, na muguu yake mwenyewe, nione. Nyuma yake Drocella na mutoto. Wewe usipite kilalo ya Oso, ile daraja ya kamba. Ubaki ngambo ingine. Nitawauliza wao, wewe hauko. Kama maneno yao inafanana na hii barua, nitajua kufanya nini. Kama haifanane, pia nitajua.

Na jina ya mutoto, usiniulize. Jina haitumwe na posta.

Nestor

*

Ngambo ya muto Oso, ku kilalo
tarehe 31 mwezi wa kwanza, 1954

Bamwana Nestor,

Hii barua haikupita ku posta. Mwenye anakupatia ni Drocella. Kama unaisoma, basi ako mbele yako, na mwenye alipita mbele yake na fimbo ni Léopold, na ule mu mugongo ya Drocella ni mujukuu wako. Waulize vile unataka. Sikuwafundisha neno.

Rubaya nilitembea mulima na mulima. Ni kweli, bantu wote wako na udongo ule ule. Nilimujua Léopold ku kutembea. Aliweka mufuko chini, hakunisalimu. Nikasema maneno yote, kuanza ku ndege, mbele ya bale walikuwa banabeba naye. Moja wao akacheka, akasema: "Muzee, na wewe ulioga mbele ya kuja kusema hii?" Léopold hakucheka. Akaniuliza: "Papa, leo unasema ile ya kweli, ao unasema ile ingine?" Nikamuambia: "Sijue namna ya kukuonyesha. Mutoto iko Nyamitaba." Akafikiri. Akasema: "Nitatembea nyuma yako. Sitatembea mbele." Na alitembea nyuma yangu mupaka kwetu. Hata ku kupumzika, alikaa fasi anaona mikono yangu.

Alipoingia mu lupango, mimi nilibaki inje. Sijue walisemezana nini. Dancille anajua, anakataa kunielezea. Anasema: "Uliona ya wengine bila kuitwa, hii utaikosa."

Njia yote ya kuja huku Drocella aliongea na mutoto. "Mwambie babu ashike kikapu." "Mwambie babu hapa kuko utelezi." Leo tulifika ku kilalo. Léopold alipita, kamba zikatikisika. Drocella akamufunga mutoto muzuri ku mugongo, akachukua hii barua mu mukono yangu, bado sijamaliza kuiandika, akaona, akanirudishia. Akangoja. Na akaniambia, mimi mwenyewe, si mutoto: "Papa, kaa pale ku kivuli."

Njo ninakaa ku kivuli ninamalizia. Ananingoja, anasimama, anaangalia maji.

Ndege yenu imekuja. Iko ku jiwe, pale maji inapiga kelele, vile uliandika. Inatikisa mukia. Kutoka hapa na hii mwangaza, muntu anaweza kusema ni yetu, na hakuna muntu hapa wa kunibisha. Drocella hajaiona.

Sasa imeruka, imefungua bawa. Mweupe iko. Ni ya muto.

Ninamupatia Drocella barua.

Viateur